Vidonge vya damu nilivyoviacha kwa siri

Leo nimemwambia muuguzi, mbele ya foleni nzima, kwamba ninakufa.

Majirani zangu wa Butihinda mnajua nilivyokuwa. Damu ilipungua, nikawa naona kizunguzungu hata nikiinama kupalilia maharage. Kituo cha afya wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Baada ya wiki chache nikapanda kilima na ndoo ya maji bila kupumzika.

Lakini choo kikawa cheusi kama makaa. Na kigumu, jamani.

Nikadhani navuja damu tumboni, na juzi nikaacha vidonge. Hata mume wangu sikumwambia.

Leo nilipomweleza hayo, muuguzi akaniuliza taratibu, "Choo kinanata kama lami? Tumbo linauma?"

"Hapana."

"Basi ni vidonge tu, dada. Kunywa maji mengi, na usivimeze na chai."

Akanipima. Damu imepanda, ila bado haijatosha.

Foleni nyuma yangu ilikuwa imesikia yote. Nikajua wananicheka.

Kumbe mama mmoja akasema polepole, "Mimi vyangu nilivitupa."

"Na mimi," akasema mwingine.

Muuguzi akavuta kiti, akatueleza sote.

Nimeanza tena kumeza. Kama nawe uliacha kwa aibu, niandikie hapa. Hatutakucheka.