Kamshafti ya Mama Klachi

Injini ililala sebuleni, juu ya meza ya kulia, na Mama Klachi hakutaka kusikia neno la mtu. Meza ilikuwa yake, sebule yake, na gari lililobaki uani boneti wazi, tumbo tupu, lilikuwa lake pia. Majirani waliomwona akipita na ndoo ya oili chafu walitikisa vichwa. Yeye aliwakodolea macho mpaka wakaacha.

Jina la Klachi, ile pedali ya kubadilishia gia, alipewa na wanafunzi wake. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva kwa gari moja tu, dogo na kuukuu, lililokuwa limevumilia miguu ya kila aina: ya wenye pupa, ya waoga, ya waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki. Mwishowe likaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Siku moja likagoma katikati ya mlima unaopita nyuma ya soko, mwanafunzi wake mmoja, fundi cherehani wa kike, akiwa kwenye usukani, akilia kwamba ameliua.

Kaka yake, mwenye gereji kubwa katikati ya mji, alikuja akasikiliza injini akatoa hukumu. Gari liuzwe kama vyuma chakavu, na mdogo wake aje akae mapokezi gerejini kwake, apokee simu, apate mshahara bila kupigwa jua. Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipouma. Tangu utotoni alikuwa akimpangia mambo mazuri asiyoyataka. Mama Klachi akamwambia ampe mpaka mwisho wa mwezi. Injini ataifumua na kuiunga mwenyewe, nyumbani, na gari likishindwa kuupanda mlima ule, alivute alipeleke atakako, na yeye atakwenda kukaa mapokezi bila ubishi. Kaka alicheka sana. Wakapeana mikono.

Akajifunga kibwebwe. Silinda hazikuhitaji kuchongwa, zilitaka msasa na ringi mpya za pistoni tu, na hilo lilimfurahisha kwa sababu mfuko ulikuwa hauna kitu. Kamshafti, ule mtaimbo wenye vinundu unaosukuma valvu zifunguke, ilikuwa bado nzima. Vile vidude vya chuma vinavyoparamia vinundu hivyo, tapeti, alivipanga kwenye sinia kwa mpangilio wa mahali alipovitoa, maana kila kimoja kimeshalika pamoja na kinundu chake na hakitaki kingine.

Ila mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa hawezi kuona uchafu akanyamaza. Asubuhi Mama Klachi alipotoka kufuata ringi, bibi huyo alizichukua tapeti zote, akazisugua kwa sabuni na maji ya moto, akazifuta zikang'aa, akazitia zote kwenye bakuli moja.

"Nimekupunguzia kazi," mama akasema bintiye aliporudi.

Mama Klachi alitaka kukaa sakafuni apige ukelele. Badala yake alitoka nje, akalizunguka gari, akarudi akasema ahsante. Kisha akaeleza kwa upole kwamba sasa hakuna ajuaye ipi ni ya wapi, na ukizirudisha ovyo zitaitafuna kamshafti mpaka iishe. Ilibidi zote zitupwe, pamoja na kamshafti yenyewe, maana iliyokwisha kulika haikubali tapeti mpya. Mama akauliza kwani hazikutakata.

Habari ikamfikia kaka, kwa mdomo wa mama bila shaka. Jioni hiyo hiyo akaja na kamshafti iliyofungwa kwenye kitambaa, na tapeti zake mpya. Ilikuwa mpya, ya gari la mashindano, na vinundu vyake vilikuwa vimeinuka kweli kweli. Alieleza jinsi inavyozifungua valvu sana na kuziacha wazi muda mrefu, injini ikapata pumzi tele, na gari likichanganya haliguswi. Hakutaka hata senti.

Mama Klachi aliishika. Ilikuwa nzuri, na asiseme mtu kwamba hakuitamani. Aliwahi kuota mbio kama watu wengine. Lakini alijua pia tabia ya kamshafti ya namna ile: gari likienda polepole hutetemeka, hukohoa, hutaka mafuta wakati wote, na ukizubaa kidogo linazimika. Akaiweka mezani kando ya nyingine mpya, yenye tapeti zake, aliyokuwa ameikopa kwa muuza vipuri. Hiyo ilitengenezwa kwa pikapu ndogo yenye injini kama hii, vinundu vyake vifupi na vya upole, nguvu yake yote iko chini.

"Hiyo ni ya kubebea magunia," kaka akasema. "Unataka mkokoteni?"

"Nataka gari lisilozimika mtu mguu ukimtetemeka."

"Yangu ni ya bure."

"Na injini ni yangu, kaka."

Kaka aliondoka bila kuaga, kamshafti yake kwapani.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, injini hairuhusiwi kusinzia. Lazima izungushwe kwa kasi muda mzuri ili kamshafti mpya na tapeti mpya zizoeane. Mama Klachi, injini ikiwa imesharudi garini, alikanyaga mafuta na hakuachia. Uani palinguruma mpaka vyombo vikacheza kabatini. Majirani wakagonga geti, mwenye nyumba akapiga simu, na mama yake akasimama getini na ufagio, akimwambia kila aliyefika kwamba mwanawe yuko kazini.

Mwisho wa mwezi kaka akaja na gari la kuvuta, akaliacha chini ya mlima. Alitegemea dada yake ndiye atakayeendesha. Mama Klachi akamfungulia mlango wa nyuma, akakaa kiti cha mwalimu, na usukani akampa yule fundi cherehani.

Katikati ya mlima mwanamke yule aliogopa lori, akaachia mafuta, gari likapungua mpaka likawa kama limesimama. Kaka akashika kiti cha mbele. Injini ikatetemeka mara moja, ikaguna, na ikaendelea kuvuta, taratibu, kwa ukaidi, mpaka juu. Fundi cherehani akaanza kucheka na machozi yakimtoka.

Kaka akakiachia kiti cha mbele. Kisha akasema kwamba kwa ile ya kwake wangekuwa wameshafika zamani.

"Mimi na wewe, ndiyo," Mama Klachi akajibu. "Yeye asingefika." Akageuka, akamtazama. "Sasa shuka, kaka. Saa yake ya somo inakwisha, na viti vyangu ni vya wanaojifunza."