Kidonda cha Wandera

Mwanangu, weka huo mguu hapa niuone, na usiniambie ni msumari tu. Nakumbuka kijana mwingine wa nyumba hii aliyesema ni mnyororo tu, miaka ile ya tisini.

Kaka yangu Wandera alikuwa boda boda wa baiskeli, akivusha abiria mpakani Busia. Mnyororo ulimkata kwenye kifundo cha mguu, akapaka grisi ya mnyororo huo huo, maana vijana wa boda wote walifanya hivyo na damu ilikatika. Kidonda kikaanza kukauka, tukasahau. Kisha asubuhi moja, nyumbani Mundika, akashindwa kufungua mdomo anywe chai. Kufikia mchana mgongo ulikuwa umepinda kama upinde. Tulimfunga kwenye keria ya baiskeli yake kwa vipande vya tyubu, vile tulivyofunga magunia, tukamsukuma hadi hospitalini. Kila shimo la barabara lilimkaza upya, na akili zake zilikuwa timamu.

Sista aliyetupokea, mama mtu mzima, alinikuta nikimnyoosha mkono kwa nguvu.

"Wacha kumvuta, unamuongezea tu. Hii ni pepopunda."

"Sista, mwambie basi alegee."

"Anataka, hawezi. Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo sana, hata macho hayazioni. Neva ikituma amri, kalsiamu inamwagika hapo katikati, nyuzi zinashikana, zinavutana. Ndio kukaza. Kulegea ni mpaka hiyo kalsiamu irudishwe mahali pake, na hiyo pia ni kazi, inakula nguvu. Sasa sumu ya kidonda imenyamazisha neva za kusema imetosha. Amri inakuja tu."

Walijaribu dawa, wakafunga mapazia mwanga usimkaze zaidi. Haikusaidia. Alipokata roho mwili ulilegea, na mama yetu akamshika kiganja kama cha mtu aliyelala. Baadaye vidole vikaanza kukakamaa. Mama akaniuliza kama amerudi. Sista alikuwa ameshanionya kando, kwa hiyo ni mimi niliyemwambia mama kwamba nyuzi zimeshikana, na nguvu ya kuziachanisha imekwisha. Sijawahi kuchukia kujua jambo kama siku ile.

Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni, usikipake uchafu wowote, na sindano ya pepopunda uchomwe leo. Nimewaambia vijana wengi hapa, wananicheka, na nimeshakata tamaa nao. Wewe Mungu akupe mwili unaojua kukaza na kulegea, mpaka uzeeke, unizike mimi. Vaa kiatu twende.