Wapagazi Walivyovuka Mpaka wa Zablon

"Weka chini hilo gitaa, Modest, kabla sijainuka!" nilimwambia mwanangu.

"Inuka basi, mama. Ukiinuka naichukua na spika."

Ndiyo maana sikuinuka. Nilikuwa nimeikalia ile spika tangu kunapambazuka, ungo wa karanga mapajani, namenya mojamoja bila haraka. Mwanamume wa miaka hamsini na moja hawezi kumnyanyua mama yake mzazi huku majirani wa mtaa mzima wa Isevya wamejipanga dirishani kama wanasubiri pilau. Modest analijua hilo, nami najua kwamba analijua.

Alisimama katikati ya sebule, gitaa la binti yake mkononi, amelikaba shingo kama kuku wa sikukuu. Kulikuwa na mtu wa mtaa wa Cheyo aliyekuwa amekubali kulinunua asubuhi hiyohiyo. Na Jumatatu Marcelina alitakiwa aripoti kazini, kwenye ghala la tumbaku, akae mezani na kuandika marobota yanayoingia na yanayotoka. Kazi hiyo Modest aliibembeleza miezi sita, mpaka soli za viatu zikamwisha.

"Baba, Jumatatu siendi," Marcelina alisema. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, hata sauti hakupandisha.

"Huendi? Na leo Zablon anakuja! Anatoka Usinge na treni kuja kudai shamba lake. Utamlipa na nini, na kelele?"

"Shamba lake nimelipanda upya. Aje. Sijifichi."

"Mke mwenzangu kasema," nikaongeza, nikatupa ganda la karanga karibu na kiatu cha Modest. Marcelina ni mjukuu wangu, na kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenzio. Tunagombea mume mmoja ambaye alishakufa, Mungu amrehemu, kwa hiyo ugomvi wetu hauna madhara.

Huyu msichana hakuanza jana. Alizaliwa mwaka ule wa mvua kubwa, na alipolia mara ya kwanza majogoo wa mtaa mzima waliwika saa nane mchana. Anayebisha akamuulize mkunga. Amekufa, lakini akamuulize. Gitaa alijifunzia kanisani, kwenye kwaya ya vijana, mpaka siku alipolipiga wakati wa matoleo kwa namna ambayo mzee mmoja wa kanisa alirudisha mkono mfukoni akakimbilia nje, akidhani paa linang'oka. Padre akamwambia kwa upole kwamba Mungu si kiziwi. Marcelina akabeba gitaa lake akatoka, na hajawahi kulipiga kwa upole tena.

Wenzake ni wawili. Leodgar, mtoto wa fundi seremala, anapiga besi aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mninga. Ni nzito hivi kwamba akivuka mtaro lazima mtu amshike mkono. Na Sameer, mtoto wa Fakhrudin muuza vitambaa, anapiga dramu. Baba yake alimpa duka dogo alisimamie, akawa anapigia kaunta vijiti mpaka wateja wakawa wanapimiwa vitambaa huku wanacheza. Fakhrudin akamwambia achague, duka au vijiti. Akaja kwetu na vijiti.

Muziki wao unaitwa roki. Mimi niliwapa jina, Wapagazi, kwa sababu ya babu yangu. Babu yangu alikuwa kirangozi, yule anayetangulia msafara akiimba, na wenye mizigo nyuma wanaitikia, kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Aliimba mpaka pembe za ndovu zikawa nyepesi, watu wakawa wanazisahau kambini, na zenyewe zinawafuata nyuma kama mbwa.

Miaka miwili Wapagazi walipiga kwenye harusi za watu. Harusi ya kwanza mashangazi wa bibi harusi walichomoa waya. Ya pili walichomoa waya na kuuficha. Kisha mwenye hoteli mmoja akawaita, akawaambia wapige nyimbo za watu wengine, taratibu, wageni wakila. Marcelina akamuuliza, "Wakishiba je, tunaweza kuanza zetu?" Kazi ikaishia hapo.

Basi wakaapa, hapahapa sebuleni, Desemba: msimu huu wote wa kilimo watakula kwa muziki wao tu. Hakuna duka, hakuna useremala, hakuna kuomba kwa baba. Ikishindikana mpaka mavuno, kila mtu arudi kwao kimya. Nikawaangalia walivyokonda kabla hata ya kuanza, nikawaambia, "Nendeni mashambani. Watu wanalima, na wanalima kwa ngoma."

Hilo wazo ni langu, na kosa pia ni langu.

Kwetu watu wakialikana kulima, ngoma huwatangulia. Mpiga ngoma anatembea mbele, majembe yanamfuata kwa mapigo, na akifika mpakani ananyamaza. Ngoma ikinyamaza, jembe linatua. Mkulima hainui kichwa kutafuta mwisho wa shamba. Mpaka ni kazi ya ngoma. Jambo hili kila mtoto wa kijijini analijua, ndiyo maana hakuna aliyelisema. Nani angekumbuka kumwambia Sameer, aliyekulia nyuma ya kaunta?

Walipakia vyombo kwenye treni, wakashuka Usinge. Vijana wa kijiji waliwapokea kwa kucheka, ila waliposikia gitaa la Marcelina kicheko kikaingia kwenye mikono. Watu arobaini walilima asubuhi moja shamba la siku tatu. Nyuki walihama mizinga wakaja kukaa juu ya spika kusikiliza. Hayo nimesimuliwa na Leodgar, na Leodgar hana akili ya kutunga.

Lakini dramu haitembei. Sameer alikuwa amekaa kivulini karibu na jenereta, amefumba macho kama kawaida yake, anatwanga. Majembe yakafika mpakani, ngoma haikunyamaza. Yakavuka. Upande wa pili kulikuwa na karanga za Zablon, ndiyo kwanza zina majani manne. Zikapinduliwa zote, mstari kwa mstari, kwa ustadi mkubwa. Wangefika Kigoma kama petroli isingekwisha.

Waliokuwa wamewaalika wiki inayofuata wakasema subirini kwanza, tusikie Zablon atasemaje. Na mwenyewe hakusema kitu. Marcelina akarudi nyumbani, akachukua debe langu la mbegu, akapanda treni tena na wenzake. Walipanda lile shamba siku tatu kwa mikono yao, Sameer malengelenge mpaka kwenye vidole vya miguu. Zablon alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono nyuma. Siku ya tatu akafungua mdomo: "Jumamosi nakuja kwenu. Nataka kuongea na wazee wako."

Na leo ndiyo Jumamosi.

"Mama," Modest alisema, akijaribu ile sauti yake ya kikao, "wewe unamdanganya mtoto. Kirangozi, kirangozi! Mwaka jana ulisema babu yako alibeba meli peke yake."

"Alibeba. Hiyo ilikuwa safari nyingine."

"Hakuna mtu anaishi kwa kuimba!"

"Babu yangu aliishi. Wenye mizigo walilipwa kwa mabega, yeye kwa koo, na yeye ndiye aliyetangulia. Wewe unafikiri hiyo damu ilipotea wapi? Kwako ilipita haikusimama."

Dirishani mtu akacheka. Modest akageuka, dirisha likabaki tupu, akarudi kwetu, watu wakarudi dirishani.

"Marcelina, mwanangu. Ghala lina mshahara, lina likizo. Ukiugua kuna mtu anakujali. Hili gitaa likinunuliwa leo, Zablon akija namlipa, yanaisha, hakuna mtu anatusema Tabora wala Usinge. Nakutafutia heshima."

Marcelina akasimama. Ni mrefu, amemzidi baba yake kwa kidole kimoja, na siku hiyo nadhani viwili.

"Baba, shikamoo yako naipokea na kazi yako naikataa," alisema. "Nilikosea shamba la mtu, nimelima, nimepanda, mgongo huu bado unauma. Akitaka nipande tena, nitapanda tena. Lakini gitaa si la kulipia kosa. Gitaa ndilo jembe langu. Ukimchukulia mkulima jembe ili alipe deni la shamba, msimu ujao atalima na nini?"

"Shikamoo unapokea wewe, mimi ndiye baba!"

"Kasema kwa hasira," nikamtetea, "lakini maana yake umeipata."

"Nikiingia ghalani Jumatatu," akaendelea, "Leodgar anarudi kwenye randa ya baba yake, Sameer anarudi kaunta, na watu watasema, 'Si tulijua watashindwa!' Mimi sitaki waseme walijua. Mpaka mavuno, baba. Tuliapa."

"Na mimi nakuambia," Modest akanyanyua gitaa juu, mbali na mkono wa Marcelina, "maadamu nipo hai ndani ya nyumba hii, wewe hutapiga tena hata—"

"Hodi."

Karanga niliyokuwa nayo mdomoni niliiacha ikae.

Alikuwa Zablon, vumbi la treni mabegani. Hakuja na mwenyekiti wa kijiji wala mjumbe. Mkononi alishika mti mrefu uliochongwa ncha, na juu yake kimefungwa kitambaa chekundu, kikubwa kama shuka. Akanisalimu mimi kwanza, akamsalimu Modest, kisha akausimamisha ule mti katikati ya sebule.

"Huu nitauchimbia mpakani," akamwambia Marcelina, "na yule wa dramu mwambieni afumbue macho. Zimebaki ekari nne za mahindi, na vijana wangu wamegoma, hawalimi tena kwa ngoma ya kawaida. Jumatatu alfajiri. Wazee wako wakiruhusu."

Modest alibaki mkono juu. Marcelina akanyoosha mkono wake, akalichukua gitaa taratibu, nami nikainuka kwenye spika, aichukue nayo.