Maziwa ya Mama Fancy

Mellen Nyambeki alichuna majani chai siku zote, lakini ukimuuliza kazi yake angekuambia anafuga. Mifugo yenyewe ilikuwa nguruwe mmoja, jike, kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba yake huko Sosiot. Alimwita Madam kwa vile alivyotembea, kama mwalimu mkuu anayekagua paredi.

Uzao wa kwanza wa Madam ulikufa wote kwa kuhara. Huu ulikuwa wa pili, na mume wa Mellen, Mochama, alishatoa neno: wakifa tena, Madam anaenda buchari.

Kwa hiyo asubuhi moja Mellen alipoona mikia ya watoto imelowa uharo wa manjano, hakwenda kuchuna chai. Alikimbia duka la dawa za mifugo, akarudi na unga wa kuchanganya na maji. Aliwapa kwa bomba ya sindano, mmoja mmoja, akiwashika kama watoto wa kliniki. Wakatema. Dawa ikamjaa yeye kifuani.

Jirani yake Cheptoo, mama yake Fancy, alikuwa ameegemea ua akiangalia. Alimwita Mellen kwa jina la binti yake.

"Mama Moureen, hiyo kitu ni chungu. Hata mimi ningetema. Weka kwa maziwa."

"Maziwa nitatoa wapi, na sina ng'ombe?"

"Kwani mimi nimekufa?"

Kwa kina Cheptoo, mgonjwa hapewi kitu kingine kabla ya maziwa. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi na jagi lililojaa, povu bado juu. Mume wake, Noah, alilalamika hadi barabarani.

"Yaani nguruwe anakunywa maziwa, mimi nakunywa chai ya rangi?"

"Kwani wewe unahara?" Cheptoo akamjibu, na Mellen akacheka mara ya kwanza wiki hiyo.

Watoto walikunywa vizuri sana. Hiyo ndiyo ilimchanganya Mellen. Walimeza dawa yote, wakalamba midomo, na kuhara hakukukoma. Migongo yao ikatokeza mifupa. Mellen akaongeza dawa, Cheptoo akaongeza maziwa. Wa kwanza alipokufa, Mellen akampigia simu Kimeli, daktari wa mifugo.

Kimeli alishuka kwa pikipiki, akainama bandani, akavuta ngozi ya mmoja kwa vidole. Ngozi ilikaa imesimama, haikurudi.

"Ulikuwa unawapa dawa na nini?"

"Maziwa. Fresh kabisa."

Kimeli aliokota pakiti ya dawa, akaisoma.

"Mama, hii dawa haipatani na maziwa. Maziwa inaishika tumboni, inapita nayo hadi nje. Ni kama hukuwapa kitu."

"Na niliongeza."

"Hata ungeongeza debe." Akatazama sakafu ya banda. "Na kabla hajazaa, hapa palitaka kuoshwa, paachwe pakauke, pawekwe chokaa. Yeye naye achanjwe akiwa na mimba, ndio watoto wapate kinga kwa matiti. Hakuna mtu alikuambia?"

"Nani angeniambia?"

Aliwachoma sindano waliobaki, akamwonyesha kuchanganya maji safi, chumvi na sukari. Mellen alipomuuliza kama watapona, alisema kama angeitwa mapema kidogo, angejibu vizuri. Akapiga pikipiki kiki, akaenda.

Vumbi halijatua, Cheptoo akatokea na jagi.

"Daktari amesema nini?"

Mellen aliliangalia lile jagi. Angesema. Maneno yalikuwa hapo hapo mdomoni, lakini yangemfikia Cheptoo wapi, kama si moyoni? Mwanamke ambaye mume wake alikuwa anakunywa chai ya rangi kwa ajili ya nguruwe wa mtu.

"Amesema nilichelewa kumwita," akasema. "Weka tu hapo, Mama Fancy. Asante."

Watoto wa Madam waliondoka wote, wengine mikononi mwa Mellen, bomba ya maji ikiwa bado mdomoni. Wa mwisho alikufa adhuhuri, wakati wachunaji wenzake wako shambani.

Mochama hakumgombeza. Alitoka tu nje na simu, na Mellen akamsikia akimwelekeza mtu njia ya kufika, ageukie wapi baada ya kanisa.

Bandani, Madam alijilaza ubavu, matiti yamejaa, akaanza ile sauti yake ya kuita watoto wanyonye. Alinyamaza, akasikiliza, akaita tena. Mellen alisimama mlangoni na hakuwa na kitu cha kumpa.