Nani Hajacheza?

Msimu wa korosho ulipofika, mama alikuwa na vita na kila chenye miguu: kuku, mbuzi, sisi watoto, na baba. Korosho zilianikwa uwanjani juu ya majamvi, na baba aliutaka uwanja huohuo kwa ajili ya kriketi. Rutamba nzima, na nadhani Lindi nzima, hakukuwa na mwanamke mwingine aliyegombana na mumewe kwa sababu ya kriketi. Utotoni jambo hilo lilinitia haya mbele ya wenzangu. Sasa natamba nalo, na asiyetaka kunisikia azibe masikio.

Baba alitoka Afrika Kusini. Alikuja akiwa kijana, pamoja na wapigania uhuru waliopewa makambi huku kusini mwa nchi yetu, akaugua, akalazwa hospitali ya misheni. Wodi ya jirani mama alikuwa anamuuguza shangazi yake. Wenzake walipoendelea na safari yao, yeye akabaki. Alisilimu, akaoa, wakwe zake wakampa kipande cha shamba, akapanda mikorosho. Kiswahili alikijua, ila alikizungumza kwa kukatakata kana kwamba anapasua kuni, na akikasirika alirudi kwenye lugha ya kwao, ile yenye sauti za kugonga ulimi. Tulipomwiga alicheka. Mama ndiye aliyetuchapa.

Kibao cha kupigia alikichonga kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi. Vijiti vitatu vya kulenga alivichomeka upande wa jikoni. Mpira aliusuka kwa matambara na vipande vya tyubu ya baiskeli, na ukipotelea kichakani tulirusha bibo bichi, tunda la mkorosho. Ndiyo maana nguo zetu zote zilikuwa na yale madoa ya bibo yasiyotoka kwa sabuni wala kwa jua. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mmoja anarusha mpira kulenga vijiti, mwingine anavilinda kwa kibao, waliobaki wanakimbilia mpira unakoangukia. Kazi ilikuwa kwenye kurusha, maana kiwiko hakiruhusiwi kukunjwa, na sisi ni watu tuliokua tukiangusha maembe kwa mawe. Kutwa nzima baba alipiga kelele, "Mkono unyooke! Unyooke, jamani!"

Kanuni moja aliitunga yeye mwenyewe, na sijaiona katika kriketi yoyote niliyoitazama baadaye. Mechi haikwisha mpaka kila aliyekuwapo ameshika kibao. Jua likielekea kuzama alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti, "Nani hajacheza?" Akiwapo mmoja, hata kama ni mpita njia aliyesimama kutushangaa na mzigo wake wa kuni, aliitwa, akatuliwa mzigo, akapewa kibao. Swali liliulizwa tena na tena hadi sote tujibu kwa pamoja, "Hamna!" Hapo ndipo mama alipoleta chai na mihogo, huku akinung'unika kwamba korosho zake zimesambaa mpaka chooni.

Nilimuuliza sababu ya kanuni hiyo siku moja tukichambua korosho barazani. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye maswali mengi na subira kidogo. Baba hakuacha kuchambua. Alisema kwao watu weusi walikuwa wanacheza kriketi tangu enzi za babu yake, wakiwa wamejifunza katika shule za misheni. Timu ya babu yake ilialikwa mara moja kucheza na Wazungu wa mji wao, ikawashinda vibaya. Mwaka uliofuata hawakualikwa tena, wala mwaka mwingine wowote. Wazungu walibaki na uwanja wao wa majani, na weusi wakabaki na uwanja wao wa vumbi na mkeka uliotandikwa katikati.

Baba mwenyewe alikuwa mrushaji, na mpira wake ulikwenda kasi. Klabu ya Wazungu ilisikia habari zake. Wakamwita siku za Jumanne, siku yao ya mazoezi, awarushie wapigaji wao ili wazoee mpira wa kasi. Akawarushia. Aliviangusha vijiti vyao mpaka wengine wakaona aibu. Walimpigia makofi, wakampa soda, akainywea nje, nyuma ya jengo, kwa sababu ndani hakuruhusiwa. Na Jumamosi, siku ya mechi, alisimama nyuma ya waya, katika kona waliyotengewa weusi, akiwatazama watu aliowanoa yeye wakicheza bila yeye.

"Sisi wa kwenye waya tulishangilia wageni," aliniambia. "Timu yoyote iliyokuja kucheza nao, sisi tulikuwa upande wake. Hata kama hatuijui inatoka wapi."

Nilikasirika sana. Nilimuuliza kwa nini aliendelea kwenda huko Jumanne. Akanitazama kana kwamba swali limemchosha. "Kwa sababu nilipenda kurusha," akasema. "Walinitaka Jumanne, hawakunitaka Jumamosi. Na mimi nilikuwa naitaka hata hiyo Jumanne." Kisha akaniambia nichambue vizuri, nimechanganya mbovu na nzima.

Sasa nimlete jirani yetu. Alikuwa mama wa Kimwera wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka Milola, na mchezaji mbovu kuliko wote waliowahi kushika kibao uwanjani kwetu. Kiwiko chake hakikunyooka hata siku moja. Asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, aliingia kwetu bila hodi, akamkamata jogoo wa baba, akaondoka naye kwapani huku akicheka. Baba alimfuata mpaka kwake, akakuta maji yameshabandikwa. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki wizi.

Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa. "Mngoni kaibiwa na mtani wake," akasema, "hiyo ni kesi ya wapi?"

Huku kwetu Wamwera na Wangoni ni watani. Walipigana zamani, na vita vikageuka mizaha: mtani anakutukana, anakuchukulia kuku, nawe huna ruhusa ya kununa. Na kwa kuwa Wangoni asili yao ni huko Kusini, kijiji kilishaamua kitambo kwamba baba ni Mngoni. Si Mngoni wa Songea tu, bali wa chimbuko kabisa. Hakuna aliyemuuliza.

Baba hakuwa Mngoni, na alisema hivyo kwa kila mtu, miaka nenda miaka rudi. Jirani akimwita "wewe Mngoni," alimjibu, "Mimi si Mngoni, mama," kwa adabu ya kuudhi. Nilidhani ni ukaidi tu. Mpaka jioni moja nilipomsikia akimwambia mama, "Kwetu mtu alikaa nyuma ya meza akaniambia mimi ni nani. Akaniambia na mlango gani niingilie. Nimevuka nchi ngapi kumkimbia mtu yule? Sitakubali mwingine aniambie."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Wale walikwambia wewe ni nani ili wakufungie mlango. Hawa wanakwambia ili waingie kwako bila hodi. Kama huoni tofauti, basi umezeeka vibaya."

Mama alikuwa na sababu ya kulishikilia jambo hilo, na haikuwa jogoo. Kwetu watani ndio wanaomzika mtu. Ndio wanaoshika majembe na masufuria, wanaovaa nguo za marehemu na kumwiga alivyotembea na alivyofoka, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Mama alishaona msiba usio na watani. Mfanyabiashara mmoja wa mbali alifia pale kijijini, na hakuna aliyejua kabila lake lina utani na nani. Alizikwa kwa heshima zote, kimyakimya, watu wakakunja mikeka wakaenda zao. Mama hakuusahau ukimya ule. "Yule alizikwa kama mzigo uliokosa mwenyewe," alisema. Alimtaka mumewe azikwe kama mtu wa pale, na mumewe akamjibu, "Nizikeni mnavyozika mgeni." Mama alijifungia chumbani siku hiyo, na chakula cha jioni nilikipika mimi.

Utani hauwezi kwenda upande mmoja. Jirani aliendelea kuchukua kuku, ndizi, hata kofia ya baba, lakini baba hakuchukua chochote kwake. Mwaka baada ya mwaka nilimwona yule mama akichoka, mizaha yake ikipungua. Akaanza kupiga hodi. Nakwambia, hodi ile ilimuuma mama yangu kuliko matusi.

Nikaolewa Lindi mjini, nikafungua duka la vitambaa, wazazi wakazeeka bila kuniuliza. Miguu ya baba ilianza kuvimba, daktari akasema ni moyo. Nilikwenda Rutamba kila nilipoweza. Safari moja nilikuwa na simu mpya yenye bando la kutosha, na Afrika Kusini walikuwa wanacheza kombe la dunia la kriketi. Baba hakuwahi kutaka kuitazama timu ile, hata baada ya kwao kupata uhuru. Alisema anajua sura zao, za Wazungu walewale. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwekea simu mapajani, nikakaa.

Aliyekuwa anarusha alikuwa kijana mweusi, mweusi kama sisi. Alikimbia, akaruka, mkono ukanyooka, na mpira ukapita. Baba akaisogeza simu karibu na macho. Kijana akarusha tena. Wenzake, weusi na weupe, wakamzunguka, wakampiga mgongoni.

"Leo siku gani?" baba akauliza.

"Jumamosi."

"Una hakika?"

"Baba, Jumamosi. Nimefunga duka mapema nije huku."

Alikifuta kioo cha simu kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Wanamchezesha Jumamosi," na machozi yakamtoka, baba yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mdogo wangu. Nililia naye. Mama alitoka jikoni akatuuliza nani kafa.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na kelele. Nikatoka mbio nikidhani baba amezidiwa. Nilimkuta njiani, na fimbo yake na miguu yake iliyovimba, akihema, amekumbatia mtetea wa jirani. Nyuma yake yule mama, mzee sasa, anachechemea, kanga imemwanguka mabegani, anapaza sauti ya kuamsha kijiji kizima. "Jamani njooni! Mngoni kaniibia! Mwizi huyu, kaniibia kuku wangu!" Machozi yalikuwa yanamtiririka kwa kucheka.

"Nyamaza, mama," baba akasema. "Unamwitia nani, na wewe ni mtani wangu?"

Mama yangu alikaa kizingitini pale alipokuwa. Alimpokea baba yule kuku, akamshika muda mrefu kabla ya kwenda kumchinjisha, na mchuzi wake jirani alikuja kuula kwetu, bila hodi.

Baba alifariki kabla mikorosho haijatoa maua tena. Nilifika kutoka Lindi nikakuta wanaume wa Kimwera wameshakwenda kuchimba kaburi, na wanawake wao wameteka jiko letu wanatuamuru sisi wafiwa kama watwana. Mama alikuwa chumbani, ameshaanza eda. Maiti ilikuwa imeoshwa na kukafiniwa. Jeneza lilipotolewa uwanjani tayari kwa kwenda msikitini, wabebaji walishindwa kupita. Jirani alikuwa amesimama katikati ya njia.

Alivaa koti la baba, lile la kijivu, na kofia aliyomwibia zamani. Mkononi alikuwa na mpira wa matambara sijui, au wa plastiki wa watoto, sikuona vizuri kwa machozi. Alirudi nyuma akichechemea, akakimbia kidogo kama baba alivyokimbia, akarusha. Kiwiko kikakunjika vilevile.

"Mkono unyooke!" uwanja mzima ukapiga kelele, kwa ile sauti ya baba ya kupasua kuni, na watu wakaangua kicheko. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Shekhe, ambaye utotoni alilivunja dirisha letu kwa kibao kile, alitazama chini akijizuia asitabasamu.

Jirani hakusogea. Alisimama mbele ya jeneza, akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi.

"Nani hajacheza?"

Kicheko kikakatika. Watu walitazamana, kisha wote wakalitazama jeneza. Ndipo nikamsikia mama, kutoka chumbani, nyuma ya pazia, kwa nguvu zake zote.

"Hamna!"

Uwanja ukaitikia, "Hamna!" Jirani akavua kofia, akapisha njia, na Wamwera wakamwinua mtani wao.