Mama Wakwe Kwenye Lango la Kofia Nyekundu

Mume wangu Mangeni hakuiba kitu cha mtu. Naanza hapo kwa sababu watu wa Busia wamezoea kuanza kwingine. Tangu tumzike nimesikia, tena mbele ya wanangu, akitajwa kama "yule aliyefukuzwa Kofia Nyekundu kwa mambo ya vifurushi." Wengine wanaosema hivyo walikula kwangu siku za matanga na kuomba mchuzi waongezewe. Mimi nilisomeshwa na masista, nikafundisha watoto wa watu kusoma. Basi kama mdomo wangu haukusikika, soma mkono wangu.

Miaka ile kiwanda cha saruji kilipokuwa kinajengwa Tororo, vifurushi vilishuka kwenye treni kwa wingi, na waliovileta Busia, mji wetu wa mpakani, walikuwa wawili, wakichukiana. Wa kwanza ilikuwa kampuni ya Wazungu. Tuliiita Kofia Nyekundu kwa sababu ya kofia walizovaa wachukuzi wake. Wa pili alikuwa Swaliki, Mwislamu wa pale mjini, mwenye lori kuukuu na uwanja wa mabati nyuma ya nyumba yake.

Kila kijana alitaka Kofia Nyekundu. Mshahara ulitoka mwisho wa mwezi bila kusumbuana. Mtu alipewa sare ya kaki, viatu, na baiskeli ambayo hakuna aliyeipanda kabla yake. Vijana walitoka vijiji vya Paya na Nabuyoga wakashinda nje ya stoo wakingoja mmoja augue ili waingie nafasi yake. Kwa Swaliki hapakuwa na sare, na mshahara ulifika siku ulipofika. Lori likikwama kwenye tope, mlilala nalo. Kitu kimoja tu kilikuwepo: mchana wafanyakazi wote walikula sinia moja na mwenye gari, chakula cha mkewe Zubaida. Watu wa Kofia Nyekundu walipopita na baiskeli zao waliwapigia kelele:

"Nyinyi huko mmeajiriwa au mmeolewa?"

Mimi mwenyewe niliipenda sare ya Mangeni. Niliipiga pasi kila jioni, na hakuna mke wa mchukuzi aliyenishinda kwa mstari wa suruali.

Lakini mstari ule haukumaliza siku. Kila jioni, kabla ya kutoka, wachukuzi walipangwa langoni, na lango lile lilitazama barabara ya sokoni. Walivua shati, walivua suruali, wakasimama na chupi mikono juu, huku askari aitwaye Ofumbi akikung'uta nguo zao kama mtu anayekung'uta mkeka. Watu wazima! Wenye watoto! Wauza samaki wakipita, wasichana wakipita. Makarani wa ofisini walitoka kwa mlango mwingine na mabegi yao, wala hakuna aliyewaambia wafungue. Bwana wa stoo, Mzungu mmoja mwembamba, alisema ni utaratibu wa kampuni na kwamba mwaminifu hana cha kuogopa.

Mangeni hakuniambia. Niliambiwa na mwanamke aliyeniuzia ndizi, akicheka. Nilipomuuliza, aliendelea kufunga kamba ya kiatu.

"Ni kazi, Mama Oundo," akasema.

"Kazi ya kuvuliwa nguo barabarani, Baba Oundo?"

"Watoto wako shule. Niache."

Nikamwacha.

Siku ya balaa, mama yangu Taaka alitoka Buhehe kuja kuchukua blanketi alilotumiwa na kaka yangu kutoka Nairobi. Kofia Nyekundu hawakupeleka kifurushi kijijini mpaka uongeze pesa, kwa hiyo bibi kizee alitembea. Alifika jioni, akaja moja kwa moja mpaka langoni, na foleni ya upekuzi ilikuwa imeshaanza.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Sisi ni Wasamia, na Msamia na mama mkwe wake hawakutani hivi hivi. Wakionana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja. Mama mkwe akiuona uchi wa mume wa binti yake, hilo ni jambo la kuita wazee na kutambika, na hata baada ya hapo ndoa yenyewe inabaki imepasuka mahali. Ofumbi ni Mjapadhola, wa kabila jingine, lakini alizaliwa na mama, na kwao pia mkwe ni mkwe. Alijua.

Mama alipomwona Mangeni kwenye foleni, alitafuta pa kujificha. Upande huu seng'enge, upande ule mtaro. Akageuza mgongo, akajifunika kanga kichwani, akasimama hapo hapo.

"Toa suruali, wewe," Ofumbi akasema.

"Afande, yule pale ni mama mkwe wangu. Ngoja apite."

"Mimi sipekui mama mkwe. Napekua wewe. Toa!"

"Nipeleke ndani, nitavua zote. Hapa sivui."

Bwana akatoka kuona kelele ni za nini. Wiki ile bunda la mashati lilikuwa limepotea njiani kutoka Tororo. Hakuuliza lolote. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kutoa amri, kwamba anayekataa kupekuliwa ana anachoficha. Akamvua Mangeni kofia kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya soko, akamwambia asirudi. Mifuko yake hawakuigusa hata baada ya hapo! Kama walimdhani mwizi, mbona walimwacha aondoke na hayo mashati? Nimeuliza swali hilo miaka yote na sijapata wa kunijibu.

Habari ilivuka mpaka kabla Mangeni hajafika nyumbani. Upande wa Uganda na upande wa Kenya ilisemwa kwamba Mangeni kashikwa. Alikwenda kwa wenye mabasi, akaenda kwa Wahindi wenye maduka Tororo, wote wakamwambia nafasi zimejaa. Ndugu zake waliniambia nimshauri akae kijijini kwao alime mpaka watu wasahau. Nikawaambia watu hawasahau, wanazoea, na mimi sitazaa watoto wa kuzoeleka kuitwa wa mwizi.

Mangeni mwenyewe hakuweza kujitetea. Aseme nini? Aanze kutaja sokoni habari ya nguo zake na mama mkwe katika sentensi moja? Heri aitwe mwizi. Ndivyo alivyokuwa, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo: heshima yake ndiyo waliyomfungia nayo mdomo.

Tukabaki na Swaliki. Mangeni alipokwenda kuomba kazi, Swaliki alimkaribisha chakula, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, mimi mali ya watu naichukua kwa jina tu. Sina ofisi, sina bima. Nikikuchukua na maneno haya, wenye maduka wanahama kesho. Nipe mtu mmoja aliyekuwepo akaona."

Aliyekuwepo akaona alikuwa mama yangu.

Nilikwenda Buhehe kumwambia. Nilidhani atanifukuza. Akachukua fimbo yake.

Tulipofika kwa Swaliki, Mangeni alikuwa uwanjani karibu na lori. Mama aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akampa uwanja mzima mgongo, akaongea akiutazama ukuta wenye masizi. Zubaida alikuwa anachambua mchele, Swaliki amesimama mlangoni.

"Wewe Swaliki, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Mimi sijui hii Kiswahili yenu vizuri. Lakini nasema. Huyo mtu yuko nyuma yangu alikataa kutoa nguo kwa sababu mimi niko. Hakuna mashati. Alinificha mimi aibu. Nimemaliza."

Zubaida akaacha mchele. "Subhanallah! Na hawa wanamwita mwizi?"

Swaliki alishika ndevu. Akasema amesikia na ameamini, na Mangeni aanze kazi asubuhi. Kisha akaongeza, sauti chini, "Lakini mama, haya yabaki hapa jikoni. Sitaki vita na Wazungu wa lile lango. Nao wana marafiki bomani."

Mama hakugeuka. "Yabaki jikoni? Jina la mume wa mtoto wangu wameliharibu barabarani, mimi nilisafishe jikoni?"

Alitoka hivyo hivyo, ubavu ubavu asimwone Mangeni, mimi nyuma yake namsihi. Alirudi Buhehe, na siku ya soko akaja na wenzake, wake wa ukoo wetu, wanawake wazima wenye fimbo na vigoda. Lazima ueleweke ukoo wetu: ulikuwa umeozesha mabinti Busia nzima. Nusu ya wachukuzi wa Kofia Nyekundu walikuwa na mama mkwe katika kundi lile, na nusu nyingine walikuwa na mtu wa kumwita hivyo.

Wakaketi langoni jioni, wameipa foleni mgongo.

Ofumbi akaita mchukuzi wa kwanza. "Vua."

"Mbele ya mama wakwe? Vua wewe."

Akaita wa pili, akaambiwa hivyo hivyo. Mmoja aliyeoa kwetu alikuwa tayari ameruka mtaro amejificha nyuma ya mnazi mchanga alioupanda Bwana, unene wake kama mkono. Soko zima lilikuja kutazama. Bwana aliamuru wanawake waondoke. Wakasema wanangoja vifurushi vyao, na ni kweli kampuni yenyewe ndiyo iliyotaka kila mtu aje kujichukulia. Foleni haikusogea. Wala kesho yake, kwa maana walirudi.

Hatimaye Ofumbi alitumwa kwa Swaliki na kofia nyekundu mkononi. Mangeni alikuwa juu ya lori akipanga mizigo.

"Bwana anasema urudi. Hana kesi na wewe. Waambie hao wamama waende nyumbani."

"Aje aseme sokoni kwa mdomo wake kwamba sikuiba."

Bwana hakuja. Mtu wa aina ile anajua kuvua mwenzake kofia mbele ya watu. Kumrudishia mbele ya watu hajui. Alimtuma Ofumbi. Ofumbi akapanda juu ya kreti mbele ya lango, jasho linamtoka, akasema kwamba Bwana anasema Mangeni si mwizi.

"Sikusikia," mama akasema, mgongo umemwelekea.

"Mangeni si mwizi!"

"Wale wa upande wa Kenya wamesikia?"

Ofumbi akageukia Kenya, akavuta pumzi, akapiga kelele mpaka wenye baiskeli ng'ambo wakasimama: "MANGENI HAKUIBA! MASHATI HAKUCHUKUA YEYE!"

"Haya," mama akasema, wakaokota vigoda vyao.

Watu walishangilia. Mimi sikushangilia. Neno la Bwana lilisemwa na mtu aliyelipwa kulisema, na mwezi haukuisha kabla kampuni haijajenga ukuta wa mabati pembeni mwa lango, ambapo wachukuzi waliendelea kuvuliwa kama zamani, ila sasa hawaonekani. Wakauita huo ukuta heshima.

Ofumbi, aliposhuka kwenye kreti, alirudi uwanjani kwa Swaliki, akamnyooshea Mangeni ile kofia. Akamwambia mshahara wa Kofia Nyekundu unajulikana, asiwe mjinga.

"Mwambie Bwana nimepata kazi ninakotoka jioni na suruali yangu," Mangeni akasema, akarudi kufunga kamba za mzigo wa Buhehe, maana Swaliki alishaanza kulalamika kwamba mvua inakuja.