Damu ya Moto na Maji ya Ubatizo

Nilipokuwa mtoto kule Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wazee wetu waliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, walitugawa makundi mawili: wenye damu baridi na wenye damu ya moto. Wa damu baridi ngozi zao zilitulia. Sisi wa damu ya moto, eti vidonda vilitutafuta wenyewe. Nyumbani kwetu aliyeamua nani ni nani alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, na hakuna aliyethubutu kumuuliza alipimia wapi.

Nilianza kujikuna kati ya vidole, halafu kiunoni. Mama mkubwa akanitazama mara moja tu.

"Huyu mutoto iko na damu ya moto. Musimupatie mayai, musimupatie samaki, karanga pia hapana."

Jamani! Damu yangu ilikataa kila kitu kitamu, lakini ugali mkavu haikuwahi kuukataa. Dada yangu Furaha, niliyelala naye blanketi moja, alikula mayai yangu mbele yangu kwa sababu yeye alikuwa wa damu baridi.

Hayo niliyavumilia. Kilichoniuma ni ubatizo. Nilikuwa nimemaliza mafundisho, na sisi watoto tulipewa kazi ya kujaza maji kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya kanisa na kutandikwa turubai. Nilibeba madumu kutoka bombani mpaka shingo ikakakamaa. Jumapili asubuhi, nimeshavaa gauni jeupe la kuazima, mama mkubwa akanivuta mkono mbele ya watu.

"Wewe utaingia siku ingine. Utaambukiza benzako mu maji."

"Lakini mama mukubwa, ile maji ni miye nilileta!"

"Nyamaza. Kaa fasi ile."

Mchungaji akainamia Biblia yake. Mama naye akarudi nyuma, maana kwetu mdogo hampingi mkubwa wake. Nikakaa pale aliponionyesha, juu ya tofali, nikamtazama Furaha akizama na kuibuka huku watu wakiimba.

Haukupita muda, Furaha akaanza kujikuna. Halafu mama. Halafu mama mkubwa mwenyewe, na sitasema uongo, nilifurahi. Tukaenda kliniki. Nesi, Mganda wa Kiswahili cha haraka, akakagua vidole vyetu.

"Nyinyi yote nalala blanketi moja? Hii upele. Nyumba yote napaka dawa, nguo yote nachemsha."

Akatueleza kwamba kuna kadudu kanachimba ngozi, wala hakaulizi damu ya mtu. Tukapaka, tukachemsha, tukapona.

Nilibatizwa baadaye. Mnajua mama mkubwa alisema nini? "Munaona? Damu yake imepoa." Haki ya Mungu, mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Sasa naishi Mbarara. Hapa mjini nimekuta muuza dawa anayegawa watu makundi matatu, upepo, moto na maji, akisema ni elimu ya kale ya Wahindi, Ayurveda, na kwamba mtu wa moto ndiye mwenye ngozi ya shida. Sibishani na elimu ya watu. Huenda miili kweli haifanani. Ninayemkasirikia ni yule anayempa mtoto jina la damu, kisha akaacha kumtibu.

Juzi nilirudi Rubondo. Mjukuu wa mama mkubwa alikuwa mlangoni peke yake, anajikuna, wenzake ndani wanakula mayai.

"Ule iko kama wewe wa zamani," mama mkubwa akaniambia.

Nikambeba mtoto mgongoni.

"Tunaenda kliniki, nyumba nzima," nikasema. "Na wewe, mama mukubwa, dawa utapakwa wa kwanza."